Kamba na Kibaba

Kila zama zina sherehe zake, na kila sherehe ina gharama yake. Wazee wa zamani wa mwambao hawakuwa na ada ya kukata keki. Wengi wao hawakuijua hata tarehe waliyozaliwa. Umri wao ulipimwa kwa matukio: huyu kazaliwa mwaka wa njaa, yule mwaka wa mvua kubwa, na mwengine miezi mitatu baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Mtoto alinyolewa nywele, akachinjiwa akika na mwenye uwezo, akatolewa nje siku ya arobaini. Baada ya hapo miaka ilimpitia kimya kimya. Leo mambo yamegeuka. Keki, mishumaa, puto, soda, pamoja na ndoo ya maji anayomwagiwa mwenye siku yake, vimeingia majumbani, mjini na hata mashamba. Hapana ubaya ndani yake. Mtoto kupendwa hadharani siku moja katika mwaka si jambo la kulaumiwa. Walakini sherehe ikishakuwa ada, huanza kudai. Na kinachodaiwa na sherehe hutoka katika mfuko ule ule unaodaiwa na mambo mengine.

Na ichukuliwe mfano wa nyumba moja, isiyo tajiri wala fukara, pembezoni mwa mji wa Unguja. Mtoto wa nyumba hiyo anakaribia kutimiza miaka kumi. Wazazi wake wamedunduliza shilingi 80,000 kwa ajili ya siku hiyo: keki ya dukani, kuku wawili, soda kreti moja, na vikorokoro vya kupambia sebule. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe, mtoto anarudi nyumbani amekumbatia kijibwa alichokiokota karibu na jaa, mbavu zinahesabika, masikio yamejaa kupe. Mama anasema nyumba haina pesa ya kulishia mbwa. Mtoto anajibu: "Mama, mie sitaki keki. Pesa ya keki mpeni yeye." Baba anacheka. Bibi, aliyekaa barazani na ukindu wake, ananyamaza.

Jibu la mtoto ni zuri, na uzuri wake ndio unaolifanya liwe gumu. Je, limetosha? Mwenye kuacha kitu anachokipenda kwa ajili ya kiumbe mwengine, ameshamtendea kiumbe huyo haki yake? Hilo ndilo suala, nalo si la watoto peke yao.

Ianzwe na hesabu, kwani hesabu haina upendeleo. Na ikadiriwe kuwa chakula cha mbwa huyo, yaani unga, dagaa na makombo yanayofaa, kitagharimu shilingi 1,000 kwa siku. Shilingi 80,000 za sherehe zitamlisha siku 80. Mwaka una siku 365. Zinabaki siku 285 ambazo kuachwa kwa keki hakukuzigusa, nazo ni shilingi 285,000. Na huo ni mwaka mmoja tu. Mbwa aliyetunzwa vyema huweza kuishi miaka kumi na zaidi. Ikiwa ataishi 12, chakula chake pekee kitafika shilingi 4,380,000. Mtoto, kwa moyo safi kabisa, ametoa karamu yake yote, na alichonunua kwa karamu hiyo ni miezi miwili na siku zisizotimia mwezi wa tatu.

Hapa ndipo panapofunguka tofauti baina ya matendo mawili ambayo watu huyachanganya: kujitoa mhanga na kutunza. Kujitoa mhanga ni tendo la mara moja. Lina joto, lina mashahidi, na aghalabu lina sifa. Kutunza ni tendo la kila siku, nalo halina shahidi ila yule anayetunzwa. Wahenga walinena: mla mla leo, mla jana kala nini? Methali hii hutumiwa zaidi kuwakejeli wanaojisifia neema iliyopita, lakini ndani yake mna kanuni ya haki. Tumbo halina kumbukumbu. Aliyeshiba jana kwa ukarimu wa mtu, leo ana njaa mpya, na ukarimu wa jana haumfai kitu. Mbwa hajui kwamba mtoto aliacha keki. Anajua kuwa asubuhi imefika na sufuria li tupu.

Wapenzi wa ushairi hawatashangazwa na jambo hili. Shairi la tarbia lenye mizani kumi na sita kwa mshororo halihukumiwi kwa beti moja nzuri. Mshairi anayemwaga hazina yake yote ya maneno katika ubeti wa kwanza, kisha akapwelewa katika wa tatu, huambiwa kwamba shairi limevunjika. Kipokeo ndicho kinachombana: mshororo ule ule urudi, ubeti baada ya ubeti, na kila urudipo ukute mahali pake pametayarishwa. Chakula cha kiumbe anayefugwa ni kipokeo cha namna hiyo. Wala si bahati tupu kwamba Kiswahili kimeliita jambo la mshairi na jambo la muuza duka kwa neno moja: mizani. Bajeti ya nyumba ni mizani yake. Na nyumba isiyo na mizani, hata ikiwa na mapenzi tele, itapwelewa njiani.

Katika mapokeo ambayo watu wengi wa mwambao wamelelewa nayo, mna hadithi mbili za Mtume zinazosimuliwa madrasani tangu utotoni. Moja ni ya mtu aliyekuta mbwa anaramba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akapanda nacho amekiuma kwa meno, akamnywesha. Akasamehewa madhambi yake. Ya pili ni ya mwanamke aliyemfunga paka mpaka akafa, akaadhibiwa kwa ajili yake. Watu huzisoma hadithi hizi kama mafunzo mawili ya huruma, na ndivyo zilivyo. Lakini zikiwekwa ubavu kwa ubavu, zinafunza jambo zaidi. Yule mtu wa kisimani hakumfuga mbwa yule. Alimkuta, akamnywesha, akenda zake. Tendo lake moja lilitosha kwa sababu mbwa alikuwa huru, na kesho angeweza kujitafutia maji pengine. Kosa la yule mwanamke, kama lilivyopokewa, lilikuwa na sehemu mbili: hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutia wadudu wa ardhini. Lau angemwacha huru bila ya kumlisha, asingekuwa na kisa cha kusimuliwa. Kilichogeuza upungufu kuwa dhulma ni kamba.

Hii ndiyo nguzo ya mambo yote. Mnyama aliye huru anadai huruma. Mnyama aliyefungwa anadai nafaka. Siku mtu anapomfunga mbwa kamba shingoni, au anapofunga lango nyuma yake, anakuwa ameziba njia zote za riziki ya mbwa huyo isipokuwa moja, nayo ni mkono wa aliyemfunga. Kamba ni mkataba. Hauna karani wala muhuri, na upande mmoja wake hauna ulimi wa kudai. Lakini ahadi ni deni, na deni la asiyeweza kudai ni zito kuliko la mwenye kudai.

Patakuwa na wenye kupinga kwamba mbwa si paka. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa visiwa hivi, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kumfuga kumeruhusiwa kwa haja: kuwinda, kuchunga mifugo, kulinda mazao, na wanazuoni wengi wameingiza humo ulinzi wa nyumba. Wasasi wa visiwani wanalijua hilo, kwani bila ya mbwa wao nguruwe mwitu wangemaliza mihogo ya watu. Hukumu hiyo haina haja ya kubishiwa hapa. Linalohitaji kubishiwa ni mazoea yaliyojengwa juu yake, kwamba kwa kuwa mbwa ni najisi basi hana haki. Unajisi ni hukumu ya chombo na nguo. Hauhusiani na njaa. Wanachuoni wa madhehebu hayo hayo wamesema kuwa mtu mwenye maji ya kumtosha kutawadha tu, na mbele yake pana mnyama mwenye kiu ambaye uhai wake una heshima, humpa mnyama maji hayo, naye akatayamamu. Na mbwa mwenye manufaa, asiyeshambulia watu, hakutolewa katika heshima hiyo. Ikiwa maji ya sala yanaweza kumpisha mbwa, itakuwaje soda ya siku ya kuzaliwa isimpishe?

Yuko mwanachuoni mkubwa wa Kishafi, Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki Cairo mwaka 1262, ambaye alizipanga haki za wanyama juu ya binadamu kama mtu anavyopanga madeni ya mirathi. Miongoni mwa aliyoyataja ni kwamba mwenye mnyama amgharimie kwa kadiri ya mahitaji ya jinsi yake, hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutotarajiwa manufaa kwake, asimtwishe asichokiweza, wala asimchanganye na wanyama watakaomdhuru. Sharti la kwanza ndilo linalopekua nyoyo. Mbwa hufugwa kwa sababu anabweka usiku. Itafika siku ambayo meno yatakuwa yamekwisha, macho yameingia ukungu, na mwizi atapita mbele yake asimtambue. Siku hiyo manufaa yatakuwa yamekatika, lakini nafaka haikukatika. Anayeweka makadirio ya mbwa kwa miaka ya nguvu tu, akaisahau miaka ya uzee, amepiga hesabu ya mlinzi na hakupiga hesabu ya kiumbe. Ndiyo maana mbwa wazee huonekana wakizurura majaani na ufukweni: walikuwa na mabwana, na mabwana hao walikuwa na bajeti fupi.

Tena nafaka si chakula peke yake. Mbwa anahitaji maji safi, kivuli, dawa ya minyoo na ya kupe, kuhasiwa ikiwa mwenyewe hana pa kupeleka watoto wake, na juu ya yote chanjo ya kichaa cha mbwa. Katika hili la mwisho deni linavuka ua na kuingia kwa jirani. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza kwa mgonjwa matumaini ya kupona ni kama hayapo. Hata hivyo hakuna ugonjwa unaozuilika kwa urahisi zaidi: asilimia 70 ya mbwa wa mahali wakichanjwa, na kiwango hicho kikadumishwa, maambukizi hukatika. Kisiwa cha Pemba ni ushahidi. Kampeni za chanjo ziliuondoa ugonjwa huo kufikia mwaka 2014. Chanjo ikalegea, ukarejea mwaka 2016. Ikarudiwa kisiwa kizima, ukatoweka tena mwaka 2018. Pemba imefundisha kwa gharama kubwa lile ambalo methali ilishalisema: aliyechanja jana na asichanje leo, kachanja nini?

Na hata mtu mwenye nia njema hupotea akikadiria mahitaji ya mwengine kwa matamanio yake mwenyewe. Mtoto katika mfano huu, ikiwa wazazi wataamua kuikata keki kidogo badala ya kuiacha, bila shaka atataka kumgawia kijibwa chake kipande. Ni ishara ya mapenzi, nayo yaweza kuwa ya hatari. Chokoleti ni sumu kwa mbwa. Zabibu kavu, ambazo hazikosekani katika keki za matunda na katika pilau za baadhi ya nyumba, humharibu figo. Vitunguu, ambavyo bila yao hapana biriani, huharibu damu yake. Mifupa ya kuku iliyopikwa hukatika vichokoo na kumtoboa matumbo. Kwa ufupi, karibu kila kinachoifanya karamu iwe karamu kwa mtu, kwa mbwa ni madhara. Hapana budi kujifunza anachohitaji, na mafunzo hayo nayo ni sehemu ya gharama. Kumpa mtu, au mnyama, kile ambacho mtoaji angependa kupewa ni nusu ya ukarimu. Nusu iliyobaki ni kujua.

Pana pingamizi nyengine, nayo ni nzito kuliko zote. Jirani wa nyumba hiyo ana watoto wanne na hana kazi. Mmoja wao haendi skuli kwa kukosa sare. Je, si aibu kutumia shilingi 365,000 kwa mwaka kumlisha mbwa, ilhali ukuta wa pili mtoto wa watu anakaa nyumbani? Mwanafalsafa Peter Singer, katika insha yake ya mwaka 1972 kuhusu njaa na utajiri, alimfananisha mwenye kutumia kwa anasa huku wengine wakifa na mtu ampitaye mtoto anayezama kidimbwini kwa kuchelea kuchafua nguo zake. Ni Singer huyo huyo aliyetoa kitabu mwaka 1975 kutetea kuwa maumivu ya mnyama yahesabiwe. Mtu mmoja aliyabeba madai yote mawili, na hapana kosa katika kuyabeba yote mawili. Kosa ni kulitumia moja kama shoka la kulikatia jingine. Mara nyingi anayeuliza "kwa nini mbwa na si maskini?" hampi mbwa wala maskini. Mtoto asiye na sare hatajwi keki inapoagizwa. Hutajwa mbwa anapotaka kula.

Hata hivyo swali linastahili jibu, na jibu lake limo katika kamba ile ile. Kabla kamba haijafungwa, mwenye nyumba yuko huru, na wajibu wake ni kulipima jambo kwa uadilifu wote: wazazi, watoto, jamaa, jirani, kisha mbwa. Akiona kuwa uwezo haufiki, kumkataa mbwa si ukatili. Amnyweshe, amtafutie mwenye nafasi, amwache na uhuru wake. Baada ya kamba kufungwa, hali ni nyengine. Mbwa ameingia katika orodha ya wale ambao riziki yao iko mkononi mwa mwenye nyumba, na katika dini na katika busara ya kawaida, utoaji huanzia kwa hao. Hapo sadaka ya jirani haitolewi katika sufuria la mbwa. Hutolewa katika kile kilichozidi mahitaji, yaani katika keki, katika soda, katika puto. Swali la fedha, basi, lina wakati wake, na wakati huo ni kabla ya fundo.

Ndivyo ubanaji wa matumizi unavyopata maana yake. Watu huuogopa kwa kuwa unafanana na ubakhili, na kweli mambo haya mawili yamevaa kanzu moja. Bakhili na mwenye kuweka akiba wote wawili hukataa kununua keki ya dukani. Wote wawili huhesabu sarafu. Tofauti haionekani katika kukataa kwao. Huonekana ikiulizwa sarafu zile zinakwenda wapi. Za bakhili zinarudi kwake. Za mwenye akiba zina jina la mtu mwengine. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini moyo nao hauna budi kupewa kibaba cha kupimia, la sivyo utatoa mara moja na kuishiwa.

Nyumba ile ya mfano inaweza basi kupata njia ambayo si kuiacha sherehe wala kuiachia. Mtoto atimize miaka kumi kwa vileja na visheti vilivyochomwa jikoni na bibi yake, kwa juisi ya ukwaju badala ya kreti ya soda, kwa wenzake watano badala ya mtaa mzima. Hayo yakigharimu shilingi 20,000, zimebaki 60,000. Hizo zisiitwe chakula cha siku 60. Ziitwe chanjo, dawa ya minyoo na dharura ya mwaka, ziwekwe mbali zisiguswe. Chakula cha kila siku kitoke mahali panaporudi kila siku: shilingi kadhaa katika kitoweo cha nyumba, shilingi kadhaa katika peremende na barafu za mtoto mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba; na mbwa, kwa bahati, hula kwa kibaba. Ikiwa baada ya kupiga hesabu hiyo nyumba itaona kwamba haiwezi, iseme hivyo siku hiyo hiyo, kijibwa kingali hakijafungwa, nayo itakuwa imesema kweli. Kusema kweli mapema ni huruma pia, ingawa haina keki wala makofi.

Mtoto hatapungukiwa. Aliyeacha keki nzima kwa siku moja angekumbuka kuwa aliwahi kuwa mwema. Anayetoa barafu yake ya leo, na ya kesho, na ya siku ya mvua asipotamani kutoka nje, anajifunza jambo ambalo watu wazima wengi wameoa, wamezaa na wamezeeka pasipo kulijua: kwamba kupenda ni jambo la kurudiwa, kwa kipimo, na yule apendwaye hana wajibu wa kukumbuka lililopita.

Asubuhi baada ya siku ya kuzaliwa, puto zimenywea, ukumbi haujafagiliwa. Mlangoni pana kiumbe kinatikisa mkia, hakina habari ya jana. Bibi, ambaye tangu siku ile hakusema neno, anaweka ukindu chini, anasukuma kwa mguu kile kisufuria cha zamani hadi mbele ya mjukuu wake, na kumwambia: "Haya, mjukuu wangu. Leo nayo imekucha."